Afisa Uhusiano Si Mpambaji

Watu wengi hudhani kwamba afisa uhusiano wa taasisi ya umma ameajiriwa ili aipambe taasisi hiyo mbele ya waandishi wa habari. Nami naona kwamba dhana hiyo, ijapokuwa imeenea, inaidhulumu kazi yenyewe, kwani asili yake ni kuwapa raia habari sahihi kwa insafu, na kuyafikisha malalamiko yao kwa wakubwa bila ya kuyapunguza.

Tuitazame Tumbi, Kibaha. Hospitali ya rufaa ya mkoa iliyopo hapo iko karibu na barabara kuu ya Morogoro, na basi likipinduka huko, majeruhi huletwa hapo. Saa hiyo jamaa hujaa getini, simu mkononi, wakiuliza nani yu hai. Na akitokea mtu mmoja mwenye orodha iliyohakikishwa, akamjibu kila mmoja kwa upole na adabu, basi uvumi hukosa pa kushika. Huyo ndiye afisa uhusiano hasa, hata kama hana cheo hicho.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 imekwisha kumpa raia haki ya kuuliza. Wakuu wa taasisi, wapeni maafisa wenu ruhusa ya kujibu, hata pale jibu linapokuwa kwamba dawa zimekwisha.