Inawaka, Inaprinti: Siri za Wananchi Zimeachwa Steshenari

Nikiwa safarini kwenda Mpale, nilisimama Korogwe mjini kuchapisha nyaraka mbili. Kompyuta ya steshenari ile ilitumia Windows 10, mfumo endeshi ambao Microsoft iliacha kuutolea masasisho ya usalama ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Nilipomdokeza kijana wa dukani, alinijibu kwa upole: "Mwalimu, inawaka, inaprinti. Kwani ina shida gani?"

Simlaumu. Jibu hilo hilo nimelisikia katika ofisi zenye viyoyozi, kwa watu wenye shahada.

Shida ni kwamba udhaifu wowote unaogunduliwa baada ya tarehe ile hubaki wazi. Tena kiraka kinachotolewa kwa toleo jipya humwonyesha mhalifu pa kupekua katika toleo la zamani. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilivuruga hospitali za Uingereza hata miadi ya wagonjwa ikafutwa, ilhali kiraka kilikuwa kimetolewa miezi miwili kabla. Sasa fikiria mashine ambayo kiraka chake hakitakuja kabisa.

Na ndani ya mashine ile kuna nini? Kwenye eneokazi lake niliona vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA na wasifu wa waombaji kazi, vyote vikiwa na majina ya wenyewe. Tumehamishia mtandaoni maombi ya ajira, mikopo ya wanafunzi na usajili wa biashara. Kijana wa Mpale asiye na kompyuta hufunga safari hadi mjini, akamtajia mwenye duka nywila yake. Steshenari ndiyo dirisha halisi la serikali mtandao, ila mhudumu wake hana mshahara wa serikali, hana mafunzo, na hakuna anayemkagua.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Vizuri. Azilinde kwa fedha ipi? Masasisho ya ziada kwa wafanyabiashara yalipangiwa dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, bei ikiongezeka maradufu kila mwaka, na mwisho ni miaka mitatu. Windows 11 nayo hukataa kompyuta nyingi za zamani, zikiwemo zile za mitumba tunazojivunia kuzipata kwa bei ya kutupa. Watumiaji binafsi wa Ulaya walitetewa na vyama vyao, wakapewa mwaka mmoja wa nyongeza bure. Sisi nani alitusemea?

Ipo Linux, isiyolipiwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi wa Kilinux, ulioipa programu ya ofisi ya OpenOffice sura ya Kiswahili mwaka 2004. Nakiri kwamba printa nyingine husumbua, na kadi za harusi zilizotengenezwa kwa Publisher hazitafunguka sawasawa. Lakini kujaza fomu ya mtandaoni kunahitaji kivinjari tu.

Kwa hiyo nawaandikia ninyi watumishi wa umma mnaosoma hapa. Maofisa TEHAMA wa halmashauri za Korogwe na Handeni wanazijua steshenari zao kwa majina. Wapewe nauli na siku tano wazitembelee: wasakinishe mfumo unaohudumiwa na wawafundishe wenye maduka kufuta faili za wateja jioni kabla ya kufunga. Gharama yake haifiki posho za warsha moja ya "mageuzi ya kidijitali" hotelini.