Kioo ni Kioo? Mimi Sikubali!

Kuna neno limeenea hapa shuleni tangu muhula uliopita, nami limenikaa kooni. Ati kioo cha kinga cha projekta yetu ya leza kimekwaruzika, basi dawa ni kushuka Mazeras, kumtafuta fundi wa madirisha akate kipande, kazi kwisha. "Kioo ni kioo," wanasema. Hata mweka hazina wetu, ambaye namheshimu sana, amefuata mkumbo huo. Mimi napinga, tena kwa sauti.

Hebu kwanza tujue kitu chenyewe. Projekta yetu ni ya kukaa karibu kabisa na ukuta. Mwanga wake hutokea juu, ukapita katika kioo kilicholala chali kama sinia. Vumbi la Rabai, hasa wakati wa kiangazi, hutua papo hapo. Halafu mtu anakuja na pindo la shati, anasugua! Chembe za mchanga zilizo chini ya kitambaa hukwaruza kama msasa. Ndiyo maana leo maandishi yetu yanaonekana kama yako nyuma ya ukungu.

Sasa kioo cha dirisha kina ila gani? Kila uso wake hurudisha nyuma kama asilimia 4 ya mwanga unaoupiga wima; nyuso mbili ni asilimia 8. Na kwetu sisi mwanga mwingi hupita mshazari, kwa hivyo hasara huzidi. Tena mwanga uliorudi hautulii. Huzurura ndani ya mtambo na kuleta kivuli cha pili cha herufi ukutani, hata yule wa kidato cha kwanza aliyeketi nyuma asijue asome "bata" au "pata". Kioo cha kazi hii hupakwa utando mwembamba wa kuzuia hayo, na mwanga ukipita wima hasara ya kila uso hushuka hadi asilimia 1 au chini yake. Kukitambua si kazi. Kishike chini ya taa ndefu ya darasani: cha dirisha kitaonyesha taa nyeupe wazi, chenye utando kitaonyesha taa hafifu, ya zambarau au kijanikijani.

Unene nao si wa kubahatisha. Kizidi au kipungue, njia ya mwanga hubadilika na pembe za picha hufifia. Kalipa iko maabara ya fizikia, tukapime cha zamani. Wengine wanataka cha borosiliketi, jamii ya vyombo vya maabara, kwa kuwa kikipata joto hutanuka kama thuluthi moja tu ya kioo cha kawaida. Ni kizuri, lakini hilo silipigii kelele. Plastiki ndiyo siitaki hata kuisikia: hukwaruzika upesi na huvuta vumbi.

Kuna na wanaosema tuitumie bila kioo. Jamani! Vumbi litaingia hadi kwenye lenzi, na wadogo zetu watachungulia mwanga wenyewe. Johannes Rebmann, aliyefika hapa Rabai mwaka 1846, aliondoka mwaka 1875 akiwa amepofuka. Leza haikuwako siku zile, maradhi yake yalikuwa mengine, lakini sisi tunaopita karibu na nyumba yake tungekuwa wa kwanza kuyaonea macho huruma.

Najua jibu la mweka hazina: pesa. Pesa zenyewe ni za madafu tuliyouza siku ya wazazi, nami nilikuwa miongoni mwa waliobeba. Kwa sababu hiyo hiyo sitaki tununue mara mbili. Tuandike namba ya modeli iliyo chini ya mtambo, tuagize kioo chake Mombasa, fundi wa projekta akitie umeme ukiwa umezimwa. Kikichelewa muhula mzima, chaki ipo. Na katika oda hiyo hiyo tuongeze brashi laini na kitambaa cha lenzi, vikae ofisini kwa mwalimu mlezi, si mfukoni mwa mtu.