Ploti sawa, bei mbali mbali: Mombasa unanunua nini hasa?

Mpwa wangu alirudi kutoka Doha mwezi wa Shaaban, baada ya miaka minne ya kuendesha magari ya watu, na siku ya tatu tu akaja kwangu simu imejaa picha. Madalali wa mji huu humjua mtu aliyetoka Ghuba kabla mamake hajajua. "Shikamoo mjomba," akasema, hata kahawa hajaigusa, "hebu nieleze. Hii ploti ya Nyali ni hamsini kwa mia. Hii ya Kisauni, kule Mtopanga, ni hamsini kwa mia. Hii ya Likoni vilevile. Mbona pesa za moja ya Nyali zanunua kadhaa za Likoni na bado zikabaki za simiti?"

Kisha akanionyesha picha ya nne. Nyumba nzima ya vyumba sita, Majengo, kisiwani kabisa, msikiti uko kona, na bei yake iko chini ya ile ploti tupu ya Nyali. Dalali alikuwa amemwambia hiyo ndiyo bahati ya mwaka na kuna wateja wawili wanaisubiri.

Wengi humjibu kijana kama huyu kwa neno moja: mahali. Lakini ukilipima jibu hilo halisimami. Kutoka Majengo hadi sokoni Marikiti, hadi bandarini, hadi hospitali kuu, ni karibu kuliko kutoka Nyali. Kama bei ingekuwa ya mahali peke yake, Majengo ingewashinda wengi. Kwetu bei ya ardhi kwanza ni bei ya karatasi. Baada ya karatasi ndipo zinakuja barabara na maji, na upepo wa bahari unaoandikwa kwa herufi kubwa kwenye matangazo unakuja mwisho kabisa.

Karatasi hizi zina umri. Ukanda wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, na Waingereza wakaanza kuuendesha mwaka 1895 kwa makubaliano naye. Mwaka 1908 wakatunga sheria ya kumtaka kila anayedai ardhi pwani ajitokeze, athibitishe, apewe hati. Aliyekuwa karibu na afisi, mwenye nyaraka na mashahidi wa kumsemea, alipata. Wengi waliokuwa wakilima kwa kurithi kutoka kwa mababu, hasa ndugu zetu Wamijikenda, hawakupata. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya taji la Uingereza, na baada ya uhuru ikawa ya serikali. Kwa hivyo zaidi ya karne moja baadaye tuko na ardhi yenye hati inayoaminika, ardhi ya serikali inayogawanywa kwa barua na miradi ya makao, na ardhi ambayo mwenyewe kwenye karatasi na anayelala juu yake ni watu wawili tofauti.

Nyali iko katika fungu la kwanza. Lilikuwa shamba la katani, mali ya mwenye mmoja, na lilipokatwa lilikatwa na mpimaji. Mawe ya mipaka na barabara vilitangulia, nyumba zikafuata. Anayenunua pale hupewa nambari, ramani na hati, na benki ikiona hati hiyo inatoa pesa, iwe benki ya kawaida au zile zinazokuuzia kwa faida iliyokubaliwa ili usiingie katika riba. Hapa ndipo bei inapopandia, na watu hawalioni. Pale benki inapokubali, wanunuzi si matajiri peke yao. Mwalimu, karani wa bandari, nesi, wote wanaingia sokoni kwa mshahara wa miaka 15 ijayo. Pale benki inapokataa, soko linabaki la wenye pesa taslimu, na hao ni wachache. Ardhi ni ile ile na udongo ni ule ule, tofauti ni idadi ya watu wanaoweza kushindana kuinunua.

Kisauni ukivuka kidogo tu kutoka Nyali utakuta ploti yenye hati safi ukuta mmoja na ploti inayouzwa kwa makubaliano ya karatasi yenye muhuri wa wakili na sahihi ya mzee wa mtaa. Ya pili ni rahisi kwa sababu mnunuzi anabeba hatari aliyoitua muuzaji. Hakuna punguzo hapo.

Likoni imebeba mzigo zaidi ya huo. Ghasia za Agosti 1997 ziliwafukuza wengi, na mashamba makubwa yakaingiwa na watu wasiokuwa na pahali. Shamba la Waitiki la ekari 930 ndilo lililojulikana zaidi, hadi serikali ikalinunua na Januari 2016 hati zikatolewa kwa waliokuwa wakiishi pale. Mtu aliyekuwa maskwota akaamka mwenye mali. Lakini hati haifuti kumbukumbu siku moja, na dalali wa Likoni hadi leo huulizwa kwanza: "Hii ni upande gani?"

Halafu kuna kivuko. Bei ya Likoni ina saa za foleni ndani yake. Mtu anayefanya kazi kisiwani hununua nyumba pamoja na kila asubuhi atakayosimama akingoja feri. Daraja la kuelea la Liwatoni lilisaidia wanaotembea kwa miguu, na barabara ya Dongo Kundu, inayotoka Miritini kupitia Mwache na Mteza hadi upande wa Kwale, imewapa wenye magari njia ya kuzunguka. Daraja kubwa la Likoni limeahidiwa mara nyingi, na kila likitajwa kwenye taarifa ya habari wenye ploti hupandisha bei jioni hiyo hiyo. Ukiuziwa ploti kwa bei ya daraja ambalo halijajengwa, umemlipa mwenzio kwa ndoto yake. Barabara inaweza pia kuchukua: waliojenga kando ya njia ya Mtwapa hadi Kilifi waliona upanuzi ulivyowapitia wale waliokuwa ndani ya hifadhi ya barabara.

Mtwapa nayo watu huiita Mombasa wakati wa kuuza na Kilifi wakati wa kulipa. Kwa kweli ukivuka ule mkono wa bahari umeingia kaunti nyingine, na kodi na vibali vya ujenzi vinatoka afisi nyingine.

Sasa nirudi Majengo, kwa sababu hapo ndipo mpwa wangu alipokuwa karibu kutia sahihi.

Nyumba ile inauzwa rahisi kwa kuwa inauzwa bila ardhi. Msomaji wa bara akisoma haya atadhani nimekosea kuandika. Sheria ya Kiingereza husema kilichojengwa juu ya ardhi ni sehemu ya ardhi. Pwani, mila na fiqhi zilikubali tangu zamani kwamba nyumba inaweza kuwa yako na ardhi ikawa ya mwingine, kama mnazi wangu unavyoweza kuwa katika shamba lako. Babu zetu waliokuja kufanya kazi mjini walikodi kiwanja kwa mwenye ardhi, wakajenga nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ukumbi wa katikati, mawe au udongo na mabati, na kila mwezi wakapeleka kodi ya ardhi. Kodi ilikuwa ndogo. Mwenye ardhi alikuwa mtu wa kujulikana, pengine mnasali msikiti mmoja. Mtu aliiuza nyumba, akairithisha, akaiweka wakfu, na ardhi ikabaki kwa mwenyewe. Majengo, Mwembe Tayari, Kisauni, Changamwe, mitaa mingi ya watu wa kawaida ilisimama hivyo.

Mpango huu uliwapa maskini makao kwa vizazi vitatu, na mimi ni mmoja wao. Nilizaliwa katika nyumba ya namna hiyo. Lakini ulisimama juu ya uaminifu, si juu ya hati, na ardhi ya kisiwani ilipopanda ule uaminifu ukaanza kuwa ghali kwa mwenye ardhi. Wazee wamekufa. Ardhi imekwenda kwa warithi, wengine wako ng'ambo, wengine hawajawahi kukanyaga mtaa huo. Mrithi anaona magorofa ya vyumba vya kupanga yakichipuka jirani, anaona mapato ya kodi ya ardhi hayatoshi hata nauli ya kuja kuyakusanya, na anauza. Mnunuzi mpya hana haja na nyumba ya babu yako. Anataka kiwanja.

Na hapa kuna jambo linaloniuma kila nikilifikiria. Sheria yetu inamruhusu mtu aliyekaa miaka 12 katika ardhi ya mtu binafsi bila ruhusa ya mwenyewe, waziwazi na bila kusumbuliwa, aende mahakamani adai iwe yake. Ardhi ya umma haidaiwi hivyo. Lakini anayelipa kodi ya ardhi yuko pale kwa ruhusa, na risiti zake ndizo ushahidi. Maana yake ni kwamba aliyevamia shamba na akanyamaza ana hoja, na mama aliyepeleka kodi yake kila mwezi kwa miaka 50, akiweka risiti ndani ya msahafu zisipotee, hana. Sisemi watu wavamie. Nasema sheria iliyoandikwa bila kuufikiria mji huu imewaadhibu waliotii.

Nilimwambia mpwa wangu: unanunua kuta na mabati, na nafasi ya kuwa mpangaji wa mtu ambaye hujaulizia jina lake. Akanyamaza, kisha akauliza kuhusu Mji wa Kale.

Mji wa Kale una karatasi nzuri na shida nyingine. Nyumba za Kibokoni na Kuze ziko katika eneo linalohifadhiwa, huwezi kubomoa na kupandisha gorofa kumi, kwa hivyo mjenzi wa magorofa hazitaki. Shida kubwa iko kwetu wenyewe: mirathi isiyogawanywa. Babu alikufa, hati bado ina jina lake, watoto wamekufa, wajukuu ni 30, mmoja yuko Muscat, mmoja yuko London, wawili hawasemezani. Hisa za kila mmoja zimo katika Qur'ani, Kadhi yuko, lakini hakuna anayefungua kesi kwa sababu ataonekana ana haraka na mali. Nyumba inavuja, inapangishwa kwa senti, na akija mnunuzi wa kweli hakuna mtu mmoja anayeweza kumwambia "nimeuza". Bei ya nyumba kama hiyo hushuka kwa sababu ya ukoo, na hilo hatuwezi kuwasingizia Waingereza.

Kuna na gharama ambazo dalali hazitaji. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani, kwa hivyo nyumba ya sh5 milioni mjini ina sh200,000 juu yake kabla ya wakili. Ukinunua ili upangishe, mapato ya kodi ya nyumba yakifika sh288,000 kwa mwaka, yaani sh24,000 kwa mwezi, unadaiwa asilimia 7.5, kiwango kilichoshuka kutoka 10 Januari 2024. Ukinunua chumba katika gorofa, ulizia kama utapewa hati ya chumba chako chini ya sheria ya 2020, au utabaki na barua ya mjenzi. Na hati ya miaka 99 iliyobakisha miaka 20 usilipie kama imebakisha 80.

Maji pia. Mombasa inakunywa kutoka mbali, Mzima na Baricho, na ikitokea hitilafu njiani ni mikokoteni na mitungi ya lita 20. Nyumba mbili za kodi sawa, moja ina kisima cha maji baridi na tangi, nyingine kisima chake kimeingia chumvi: ya pili ni ghali, ila unalipa kidogo kidogo kwa mchuuzi wa maji. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya mji haina mabomba ya maji taka, angalia shimo la choo liko umbali gani na kisima. Mwenye nyumba hatakwambia.

Mpwa wangu alirudi kwenye ile ya Mtopanga kwa sababu muuzaji alikuwa na nakala ya hati. Nikamwambia asitoe hata arbuni kabla ya kwenda afisi ya ardhi kufanya sachi. Majibu yalipokuja, hati ni ya kweli na jina ni la muuzaji, lakini kuna kizuizi kilichowekwa na ndugu zake anaodai kuwa hawajui chochote. Dalali akasema hilo ni jambo dogo. Mpwa akazima simu. Pesa zake bado ziko benki, na mamake anamlaumu kuwa mjomba amemcheleweshea maisha.

Juma lililopita mamangu mzazi, ambaye nyumba yake ni ya vyumba sita na iko Majengo, alipokea barua ya wakili. Ardhi imeuzwa. Mwenye ardhi mpya, ambaye hatumjui, anasema hapokei kodi tena na ametoa muda wa kuondoka. Mama hakuisoma. Aliikunja akaiweka ndani ya msahafu pamoja na risiti zake, akanipigia simu kuniuliza kama mwisho wa mwezi apeleke kodi pale pale pa zamani au kuna anwani nyingine.