Lazaro Alihitaji Mikono ya Watu

Kwa mlevi kanisani tuna dawa mbili: kumkemea na kumwombea. Ya kwanza tunaitoa kwa wingi, ya pili akiomba. Kisha tunamwacha arudi nyumbani peke yake, na njia ya nyumbani inapita mbele ya kilabu. Akianguka tena Jumamosi tunasema hakuwa na imani. Nasema wazi: anguko hilo si lake peke yake. Ni letu pia.

Sipingi nguvu ya sala. Lakini someni tena Injili ya Yohane, sura ya 11. Yesu alimwita Lazaro, naye akatoka kaburini akiwa hai, mikono na miguu bado imefungwa sanda. Kazi ya kumfungua, Bwana aliwaachia watu waliosimama pale. Je, aliyefufua mfu angeshindwa na kitambaa? Hapana. Uzima ulitoka kwake. Mafundo aliyaacha yafunguliwe na majirani. Sisi tumeupenda muujiza, kazi ya mafundo tumeikimbia.

Mafundo ya pombe yamo mwilini na akilini. Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa pombe kuwa ugonjwa. Aliyekunywa gongo kila siku kwa miaka, akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuona visivyokuwepo, kupata mshtuko kama wa kifafa, hata kufa. Huyo aanzie hospitalini, si kufungiwa chumbani na ndugu zake. Lakini wodini atakaa siku chache tu. Miezi inayofuata atakaa na nani?

Mwaka 1935, katika mji wa Akron, Marekani, mgeni mmoja aitwaye Bill Wilson alikuwa hotelini, biashara yake imekwama, na kiu ya pombe imemrudia. Alipiga simu kwa mchungaji wa kanisa asiyemfahamu. Hakuomba mahubiri. Aliomba aonyeshwe mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Kwa njia hiyo alikutana na daktari Bob Smith, naye mnywaji aliyeshindwa kuacha. Wawili hao wakawa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, vikundi ambavyo leo vimeenea duniani. Tazameni: mchungaji yule alipokea simu, akaelekeza. Mtu wa Mpanda akiuliza leo baada ya misa kikundi kiko wapi, katekista wako atamwelekeza wapi?

Kikundi chenyewe si kitu kigumu. Watu wanakaa pamoja, wanatajana kwa jina moja tu. Mmoja anasema yaliyompata, wengine wanasikiliza bila kumhukumu. Kinachosemwa pale kinabaki pale. Hakuna ada. Sharti ni moja: kutaka kuacha. Mgeni anapata mtu aliyetangulia, wa kumpigia simu saa ile kiu inapobana. Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unatuagiza kuungamiana dhambi na kuombeana ili tupone. Basi anayesema kikundi ni upungufu wa imani, na abishane na Yakobo.

Wengine watasema tunazo jumuiya ndogo ndogo, zinatosha. Jumuiya ni zawadi, lakini humo yumo mkwe wake, yumo anayemdai, yumo mke wake. Ni nani atasimama mbele yao aseme jana niliuza gunia la mpunga la watoto nikalinywa? Atasema mbele ya mwenzake aliyewahi kuuza la kwake. Na mwanamke anayekunywa kwa kujificha jikoni atasema mbele ya mwanamke mwenzake.

Wengine watasema Mpanda ni mji mdogo, hakuna siri. Kweli. Kwamba anakunywa, mtaa mzima unajua, walimwona mtaroni. Siri pekee aliyobaki nayo ni kwamba anataka kuacha. Hiyo anaificha kwa sababu akishindwa tutamcheka. Kama siri hiyo haina pa kukaa kanisani, itakaa wapi?

Mikutano ya namna hii ipo Dar es Salaam na Arusha. Mkulima wa Majimoto, Katumba au Mishamo hawezi kupanda treni hadi Tabora na kuendelea mbele kila wiki ili akae na watu saa moja. Na hana haja. Kule Akron walianza wawili, nasi tumefundishwa kuwa wawili au watatu wakikusanyika kwa jina la Bwana, yeye yupo kati yao.

Kwa hiyo nawataka viongozi wa walei na kamati za parokia mambo matatu, na yote hayahitaji mchango. Toeni ufunguo wa chumba kimoja, jioni moja kila wiki, ile saa ambayo vilabu vinajaa. Msimu wa kuuza tumbaku na mpunga msikifunge hata wiki moja. Tangazeni siku na saa baada ya misa, bila kutaja jina la mtu. Kisha ondokeni mlangoni, msisimame kuhesabu nani ameingia.

Bwana ameshamwita ndugu yetu atoke. Anasimama pale, amefungwa, anatutazama sisi.