Judo ifundishwe kuanzia chini

Anayeitazama judo kwenye televisheni hubaki na picha moja: mtu amenyanyuliwa, amezungushwa hewani na kubwagwa chali. Si ajabu basi kwamba kijana anayejiunga na klabu, iwe Zanzibar au Nairobi, hutamani kuanza na seoi-nage, ile ya kumpitisha mpinzani begani. Mwalimu asimkubalie. Kweli, kati ya mbinu 100 zinazotambuliwa na Kodokan, chuo alichokianzisha Kano Jigoro mjini Tokyo mwaka 1882, 68 ni za kubwaga na 32 tu ni za kudhibiti mtu chini. Lakini wingi wa mbinu hauamui kipi kitangulie darasani.

Mbinu za kubwaga hugawanywa kwa kiungo kinachobeba kazi: mikono, nyonga au miguu. Zipo pia za kujitupa, ambamo mshambuliaji hujiangusha mwenyewe ili amvute mwenzake, kama tomoe-nage. Zote hudai kwanza mpinzani ayumbishwe. Asiyeyumbishwa haanguki, labda kwa nguvu za kifua, na hapo ndipo watu wanapoumia. Ngwala iitwayo osoto-gari huonekana nyepesi, kwa hiyo hufundishwa mapema, ilhali humwangusha mwanafunzi kinyumenyume, kisogo kikielekea chini. Japani imelipa gharama kubwa. Mtafiti Ryo Uchida alikusanya kumbukumbu za judo ya shuleni tangu 1983 na kukuta vifo vya watoto zaidi ya 100 katika muda wa miongo mitatu hivi. Wengi waliumia kichwa, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa hatarini zaidi. Takwimu hizo zinatosha kunishawishi kwamba ukemi, yaani namna ya kuanguka kwa kukunja kidevu na kupiga mkeka kwa mkono, ndiyo mbinu ya kwanza ya judo, ingawa haimo katika zile 100. Baada yake yafuate mapambano ya chini, kisha ndipo ubwagaji.

Watakaopinga wana hoja nzito. Kano mwenyewe aliupa ubwagaji uzito kuliko mapambano ya chini, na vijana huchoka haraka wakigaagaa mkekani. Hata hivyo, kuahirisha si kupuuza. Ubwagaji utabaki kiini cha mazoezi, ila utaanza mwili ukiwa tayari. Wala mapambano ya chini si kazi ya wanyonge: mwaka 1964, kwenye Olimpiki ya Tokyo, Anton Geesink wa Uholanzi alimshinda Akio Kaminaga mbele ya Wajapani wenzake kwa kesa-gatame, kumbana mtu mgongo chini huku umemkumbatia shingo na mkono. Hoja iliyo ngumu zaidi ni kwamba huko chini pia kuna kabali na kukunja kiwiko, na vyote viwili vinaweza kudhuru. Hilo nalikubali, ndiyo maana navitenga: anayeanza abane na ajinasue tu, na hivyo viwili vingoje mpaka awe na mazoea ya kumwachia mwenzake papo hapo anapopiga mkeka kusalimu amri. Baada ya hapo aanze kubwaga kwa o-goshi, mbinu ya nyonga ambayo humruhusu mrushaji kushikilia mkono wa anayeanguka mpaka atue. Osoto-gari ifuate baadaye, mwalimu akishaona kwamba kila mmoja darasani huanguka kinyumenyume bila kisogo kugusa mkeka.