Nani Alivuna Hiyo Ngano?

Kuna watu wakiona "Mr and Mrs Andrews" ya Thomas Gainsborough wanaanza kuhema: ona mawingu, ona mapenzi ya mazingira! Mapenzi gani, jamani?

Ni Uingereza, mwaka wa 1750 hivi. Robert Andrews amesimama kando ya benchi, bunduki kwapani, mbwa mguuni. Mkewe Frances, aliyeolewa 1748 akiwa na miaka 16, amevaa gauni la samawati lisiloweza kuvuka hata mtaro. Upande wa pili wote ni shamba lao.

Mimi niliacha chuo, sina cheti cha sanaa, lakini mganda wa ngano naujua. Nani aliufunga? Mistari ya mabua imenyooka, na hakuna kibarua hata mmoja. Si ati Gainsborough hakuweza. Kwenye "Cornard Wood", ya 1748, alichora wanakijiji wakikusanya kuni. Hapa hawatakiwi.

Na hiyo bunduki si pambo. Sheria ya 1671 iliwaachia uwindaji wenye mali, kama ardhi ya kuingiza paundi 100 kwa mwaka. Maskini akitega sungura ale, ni mhalifu.

John Berger aliposema kwenye BBC mwaka wa 1972 kwamba hawa ni wenye ardhi kwanza, wakamjia juu ati analeta siasa. Bana, aliikuta!

Mapajani mwa Frances kuna sehemu haikumaliziwa, na wataalamu bado wanabishana pangechorwa nini. Waliovuna hawakuachiwa hata hiyo nafasi.