Ufunguo wa ndani, mkono wa nje



Wiki hii tunaomba ruhusa ya wasomaji wetu tuzungumzie kitu kidogo ambacho kila nyumba inacho na wachache hukifikiria. Ni ufunguo unaoachwa ndani ya kitasa usiku, baada ya mlango kufungwa na watu kulala.

Tuanze na yaliyotufika wenyewe. Miaka michache iliyopita, katika mwezi wa Ramadhani, tuliamka usiku kwa ajili ya daku. Mama watoto aliwasha taa ya jikoni, kisha akapita sebuleni. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kama tulivyouacha, lakini tundu la kitasa lilikuwa tupu. Ufunguo ulikuwa sakafuni, umelala juu ya ukurasa wa gazeti uliopenyezwa chini ya mlango. Nusu ya ukurasa ilikuwa ndani na nusu ilikuwa nje. Bila shaka ile taa ya jikoni ndiyo iliyomkimbiza mwenye kazi hiyo kabla hajauvuta ukurasa wake. Tuliliangalia jina la gazeti. Alhamdulillah, halikuwa hili.

Hila hiyo si siri. Wezi wanaijua, na ni afadhali wenye nyumba nao waijue. Vitasa vingi vya milango yetu ya mbao ni vya aina ambayo tundu lake hupenya kutoka upande mmoja wa mlango hadi wa pili, na ufunguo mmoja hutumika ndani na nje. Ufunguo huo una shina la mviringo, meno karibu na ncha, na kichwa bapa chenye tundu. Meno yakiwa yameelekea chini, yaani katika hali ile ile ya kuuingizia na kuutolea, ufunguo hauna kinachoushika. Ukisukumwa kutoka nje kwa msumari au kijiti, hudondoka ndani. Gazeti huupokea bila kelele, na uwazi ulioko chini ya mlango huupitisha.

Wako wanaougeuza ufunguo robo ya mzunguko baada ya kufunga, ili meno yakwame nyuma ya bamba la kitasa. Hiyo ni busara, kwani ufunguo uliogeuzwa haudondoki hata ukisukumwa. Lakini ni nusu ya kazi. Ncha ya shina bado hufikiwa kutoka nje kupitia tundu, na koleo lenye midomo mirefu na myembamba huweza kuishika na kuuzungusha ufunguo kana kwamba mwenye nyumba mwenyewe ndiye anayefungua. Kwa hiyo ufunguo ulioachwa mlangoni una hatari mbili, kusukumwa na kuzungushwa, na anayeikinga moja tu hajalala salama.

Baada ya usiku ule tulifanya wanavyofanya wengi. Tuliuondoa ufunguo mlangoni, ukawa unalala chini ya mto wetu. Tulipotoka kwenda kusali Alfajiri, tuliufunga mlango kwa nje na kuondoka na ufunguo mfukoni mwa kanzu, mama na watoto wakiwa ndani. Tulijiona tumepata dawa.

Asubuhi moja ya mwezi wa Shawwal tulikawia msikitini kusikiliza darsa. Nyumbani, mama watoto alikuwa amebandika maharage jikoni, akajinyoosha kidogo, usingizi ukampitia. Maji yalikauka, sufuria ikaungua, moshi ukajaa nyumba nzima. Madirisha yote yana nondo. Mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli, na ufunguo wake ulikuwa katika fungu lile lile lililokuwa mfukoni mwetu. Tuliporudi tuliwakuta majirani wamekusanyika nje, na mama watoto amewapandisha watoto juu ya kiti dirishani wapate hewa. Jiko alikuwa amekwisha kulizima, na hakuna aliyeumia. Lakini binti yetu mdogo alituuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake: "Baba, na ungechelewa zaidi, sisi tungetokea wapi?"

Tangu siku hiyo tumeelewa kwamba mlango wa nyumba una kazi mbili usiku. Kazi ya kwanza ni kumzuia asiyetakiwa kuingia. Ya pili ni kumwachia aliyemo ndani njia ya kutoka. Tulimwogopa mwizi kiasi cha kuisahau kazi ya pili, tukawafungia watoto wetu ndani tukidhani tumemfungia mwizi nje.

Mafunzo ya Mtume wetu (S.A.W.) hayakuvitenganisha viwili hivi. Katika hadithi aliyoipokea Jabir bin Abdillah (R.A.), iliyomo katika Sahihi ya Imam Bukhari, tumefundishwa kuifunga milango na kuvifunika vyombo, na vilevile kuzizima taa wakati wa kulala, kwa kuwa panya anaweza kuuvuta utambi na kuwaunguza watu wa nyumba. Mlango na moto vimetajwa pamoja katika fundisho moja. Atakayekumbuka mlango na kusahau moto amelichukua nusu.

Basi lipo jambo la kufanya lililo baina ya kuuacha ufunguo ovyo mlangoni na kuuficha chini ya mto?

Wazee wetu wa pwani walikuwa na komeo. Komeo halina tundu la kupenya upande wa pili, hivyo aliye nje hana cha kuchezea. Mwenye komeo imara, linalofikiwa na mkono wa mtoto na lisilokwama, amekwisha kujikinga, na hahitaji sehemu kubwa ya maelezo yetu. Lakini wengi wetu ni wapangaji, na si kila mwenye nyumba atakubali mlango wake utobolewe.

Wengine watasema dawa ni kubadili kitasa. Ni kweli kwamba kitasa cha silinda, ambacho Mmarekani Linus Yale mdogo alikisajili katika miaka ya 1860, hakina tundu la kuchungulia wala la kusukumia ufunguo wa ndani. Nacho kina tahadhari yake. Silinda nyingi za pande mbili hukataa ufunguo wa nje maadamu wa ndani umo. Mzazi mwenye ufunguo wa akiba anaweza kujikuta amesimama kibarazani huku mtoto mgonjwa yuko ndani. Wenye vitasa hivyo na wauchomoe ufunguo usiku, wautundike karibu, mahali panapojulikana na wote.

Kwa kitasa cha tundu la kupenya, dawa ni ya zamani na ni rahisi. Katika karne ya 19, vitasa hivyo vilipokuwa ndivyo vya kawaida, wabunifu wa Marekani walisajili vifaa vingi vya kuushika ufunguo usichezewe kutoka nje. Maumbo yao yalitofautiana, lakini wazo la vingi lilikuwa moja, yaani kukifunga kichwa cha ufunguo kwenye kitu kisichozunguka nao. Fundi aliyetutengenezea cha kwetu alikiita pingu, nasi tumelishika jina hilo.

Pingu yetu imetokana na spoku moja ya baiskeli, ambayo ni chuma kigumu na chembamba. Spoku hukunjwa katikati kwa koleo, ikawa na umbo la herufi U iliyopinduliwa. Mkunjo wake hukaa juu ya shingo ya mkono wa kitasa, pale mkono unapotokea kwenye bamba, na miguu yake miwili huteremka kila mmoja upande wake wa shingo, kisha hukaribiana. Mlango ukishafungwa, ufunguo hugeuzwa robo ya mzunguko, kichwa chake kilale kama sahani. Hapo tundu la kichwa huwa limeelekea juu na chini, na miguu yote miwili ya pingu hupitishwa humo, ikashuka chini ya kichwa kiasi cha upana wa vidole viwili.

Sasa ufunguo una kinga ya hatari zote mbili. Ukisukumwa, meno yake yamekwama nyuma ya bamba. Ukishikwa kwa koleo na kuzungushwa, pingu inauzuia, kwa kuwa miguu yake imeikumbatia shingo ya mkono wa kitasa na haiwezi kulala upande. Aliye ndani hahitaji nguvu wala taa. Huinyanyua pingu kwa vidole viwili, huzungusha ufunguo, na mlango umefunguka.

Wanaotaka kujitengenezea wazingatie mambo machache. Kwanza, jaribio lifanyike mlango ukiwa wazi. Funga kitasa, geuza ufunguo robo, kisha utazame ulimi wa kitasa kama umebaki nje kikamilifu. Ukirudi ndani hata kidogo, geuza upande wa pili, au ukubali kwamba kitasa hicho hakifai kwa njia hii. Pili, ncha za chuma zikunjwe kidogo au zivishwe mpira, zisimjeruhi mtoto. Tatu, pingu ifungwe uzi kwenye mkono wa kitasa, isipotee mchana. Nne, mtu mzima mmoja atoke nje na msumari, ausukume ufunguo kwa bidii, huku mwenzake akitazama ndani. Kifaa kisichojaribiwa ni pambo tu.

Jaribio la tano ndilo kubwa kuliko yote. Baada ya Isha, zimeni taa, kisha kila aliye na umri wa kufika kwenye kitasa aifungue pingu na mlango gizani. Sisi tulifanya hivyo kwa zamu. Yule binti aliyetuuliza swali alishindwa mara mbili, kwa kuwa pingu ilikuwa inabana. Tulimrudia fundi akaipanua kidogo. Mara ya tatu aliinyanyua, akafungua, akasimama kibarazani akicheka. Hapo ndipo tulipohesabu kwamba kazi imekwisha, kwani kinga asiyoweza kuifungua mdogo kuliko wote haijakamilika.

Ni wajibu wetu pia kusema pingu isichokiweza. Haizuii mlango kuvunjwa, wala haiponyi fremu iliyoliwa na mchwa. Penye dirisha la vioo karibu na mlango, mkono ukipita kwenye nondo unaweza kuifikia na kuinyanyua. Nyumba ya namna hiyo ufunguo wake usikae mlangoni kabisa. Utundikwe kwenye msumari ndani, mbali na mkono wa anayesimama dirishani, na kila mtu wa nyumba aujue msumari huo kama anavyojua ulipo mlango wenyewe. Na uwazi wa chini ya mlango uzibwe kwa ubao mwembamba. Gazeti halitapita, na vumbi nalo litapungua.

Kabla hatujamaliza, kuna jambo linalofanana na hili ambalo hufanyika mchana. Ziko nyumba ambazo mume na mke hutoka kwenda kazini, wakamfungia ndani binti wa kazi pamoja na mtoto mchanga, wakaondoka na ufunguo. Wengine humfungia mzee aliyeanza kupoteza kumbukumbu. Sababu zinaeleweka. Binti ni mgeni wa mji, na mzee anaweza kutoka akapotea. Lakini moto haungoji jioni. Anayefungiwa ndani bila njia ya kutoka amewekwa mahali ambapo sisi wenyewe tusingekubali kukaa hata saa moja. Binti apewe ufunguo na mafunzo ya kutomfungulia asiyemjua. Mzee awe na mtu pamoja naye, na mtu huyo awe na ufunguo.

Historia yetu ina ufunguo mmoja mashuhuri. Siku ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (S.A.W.) aliurudisha ufunguo wa Al-Kaaba kwa Uthman bin Talha (R.A.), na ukoo wa Bani Shaiba ungali unautunza hadi leo. Sisi hatukupewa heema hiyo ya kuitunza nyumba tukufu, lakini kila mwenye familia amepewa ufunguo wa nyumba moja, na waliomo ndani yake ni amana. Anayeushika ufunguo huo anaushika kwa ajili yao.

Nasi tumefundishwa kwamba anayemtegemea Mwenyezi Mungu humfunga kwanza ngamia wake. Usiku wa leo, msomaji mpenzi, baada ya kuufunga mlango kwa jina la Allah, usiondoke hapo upesi. Utazame ufunguo wako na ujiulize maswali mawili. Je, aliye nje anaweza kuufikia? Na je, mtoto wako mdogo, gizani, akiwa na hofu na moshi machoni, anaweza kuutumia? Jibu la kwanza likiwa ndiyo, au la pili likiwa hapana, kesho asubuhi mtafute fundi.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na waliomo. Tukutane wiki ijayo, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.